Mama Alivyokwenda Kalemie Kumtafuta Mwenye Chumvi

Tangu turudi, cherehani yangu haijamaliza hata gauni moja. Kila anayeleta kitambaa chake hapa Alunguli anakaa kwenye benchi, ananyoosha miguu, anasema, "Zuena, sasa tuambie ya Kalemie." Nikifika Kongolo katika hadithi anaingia mwingine, na huyo naye anataka kuanzia mwanzo. Nguo za sikukuu zimelala. Basi nimeandika yote katika daftari hili na nimeliweka juu ya meza. Anayetaka asome, mimi aniache nishone.

Tulikuwa wanne: mimi, binti yangu Neema mwenye miaka kumi, na wazazi wangu. Baba mnamjua, Mzee Ramazani, yule anayevaa koti hata jua likiwa utosini. Zamani alifanya kazi kwenye treni, kuunganisha na kuachanisha mabehewa. Wakati wa vita aliondoka Kindu na treni ya Kalemie, safari ya siku sita kwenda na kurudi. Alipofika kule njia ikakatwa nyuma yake, huku askari wa huyu, kule askari wa yule. Siku sita zikawa miaka minne.

Katika miaka hiyo tulipata habari zake mara tatu tu, na mara zote zilikuja na chumvi. Wale watu waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye mizigo porini, wiki baada ya wiki, walifika mlangoni wakampa Mama kifuko wakisema, "Bwana yako anakusalimia." Mliokuwa Kindu siku hizo mnajua chumvi ilikuwa kitu gani. Tulikula sombe, majani ya muhogo, chapwa mpaka ulimi ukasahau. Mama alitia chumvi ile kwa ncha ya kidole, nyingine akaibadilisha kwa mihogo na dawa ya homa, na hivyo ndivyo mimi na wadogo zangu tulivyopona.

Lakini vifuko vile vilikuwa vya kitenge cha kike chenye maua mekundu, na vilishonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo, wa mtu mwenye subira. Baba aliporudi alisema kule alikuwa msimamizi wa ghala bandarini, mtu wa funguo na kalamu. Mama alimpikia, akamsikiliza, hakuuliza neno. Vifuko akavikunja akaviweka chini ya sanduku.

Alikaa kimya miaka ishirini. Mwaka huu, siku moja nikimsuka nywele, akasema ghafla, "Zuena, miye nataka kuona Kalemie."

"Kuona nini, Mama?"

"Watu wanaonaka nini? Ziwa." Akanigeuzia upande wa pili wa kichwa. "Kuko mwanamuke kule. Njo ile chumvi yake iliwalisha. Nataka nimuone na macho yangu. Kumushukuru ao kumutukana, bado sijajua."

Baba alipoambiwa tunakwenda kutembea Kalemie alitoa sababu saba za kutokwenda. Mama alizimaliza zote kabla chai haijapoa.

KUVUKA MTO

Mnajua kwamba treni iko ng'ambo na sisi tuko huku. Tulipanda pirogi, mtumbwi wa mashine, asubuhi na mapema, na Mama alikuwa na kapu la mchele la kutosha kulisha arusi. Nilimuuliza kama Kalemie hakuna chakula. Akanijibu kwamba chakula kipo, ila hajui kama kuna mchele, na yeye hakuzaliwa Maniema ili akafie ugenini kwa kukosa wali.

Katikati ya mto tukasikia honi ya treni. Pirogi nzima ilipiga kelele. Baba alisimama, koti likipepea, akamwamuru mwendeshaji aongeze moto, na mama mmoja mwenye bata wawili akaanza kumwomba Mungu kwa sauti ili treni ipate ugonjwa mdogo tu. Tulifika, tukapanda ngazi za bandari tukikimbia na kapu, tukafika kituoni hatuna pumzi. Fundi mmoja alikuwa amekaa juu ya reli anakula muhogo.

"Honi? Tulikuwa tunaijaribu," akasema. "Kuondoka ni kesho."

Ilikuwa kesho yake saa sita mchana. Sala ya yule mama mwenye bata ilipokelewa kuliko alivyoomba.

KINDU HADI KIBOMBO

Ndani ya behewa kila mtu aliketi juu ya kitu chake, na aliyekosa kitu aliketi juu ya kitu cha jirani. Jirani yetu alikuwa mfanyabiashara mnene wa mafuta ya mawese, mtu wa vicheko, na alipogundua kwamba Baba anaijua Kalemie alitaka habari zote. Baba hakumnyima. Alimweleza ghala, na funguo, na jinsi wachukuzi walivyosimama wima yeye akipita.

Tatizo lilikuwa Neema. Huyu mtoto hasahau kitu.

"Koko," akamwambia babu yake, "jana ulisema ghala iko na milango mitatu. Leo iko mitano."

"Waliongeza," akasema Baba.

Kila kituo ghala lilikua. Tulipofika Kibombo, ambako wanawake walituletea wali na samaki wa moshi kwenye majani, ghala lilikuwa na ghorofa. Yule mtu wa mawese alikula akitingisha kichwa kwa heshima. Mama naye alikuwa anachambua mifupa ya samaki kwa utaratibu, hatazami mtu, na mimi ninayemjua nilijua kwamba anahesabu. Mtu mwenye ghala la ghorofa hashoni vifuko. Nani alishona?

KONGOLO

Kongolo tulikwama siku mbili. Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli mbele yetu, na watu walitumwa na majembe. Mama mmoja wa karibu na kituo alituona tumekaa na mtoto akatukaribisha kwake, bila kutujua, akatupa mkeka na chumba. Mungu amlipe.

Jioni Mama alimpa mchele wetu aupike, kwa adabu zote, mgeni hali bure. Yule mama akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaupeleka ndani na kuuficha vizuri, maana kwake zawadi ya mgeni haiandaliwi mbele ya mgeni mwenyewe. Akatuletea bukari, mlima mzima wa ugali, na ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Kesho yake Mama akampa mchele tena, safari hii akiutingisha kidogo. Ukaenda huko huko. Nilitoka nje nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Ila Baba! Mnajua nyumbani husema bukari ni chakula cha mtu aliyekosa mchele. Pale alinawa, akakata tonge, akalifinya kwa kidole gumba akalitia shimo kama mtu aliyezaliwa nalo, akachota ndagala na vichwa vyao. Mama akanitazama. Sikutaka kumtazama.

Asubuhi ya pili ndiyo iliyonitisha. Mwenyeji wetu alikuwa anakaanga vitumbula uani, ile mikate midogo ya mviringo ya unga wa ngano. Baba alipita nyuma yake akienda kunawa uso, hata hakugeuza kichwa, akasema, "Mama, mafuta bado."

"Ulijuaje, Papa?"

"Inalia vibaya," akasema Baba, kisha akashtuka, akakohoa, akaenda zake haraka. Mama alikuwa mlangoni. Aliketi karibu nami akasema kwa sauti ndogo, "Mwanaume anajua mafuta inalia namna gani pale tu amekaa miaka jikoni kwa mwanamuke anayemupenda."

KABALO HADI KALEMIE

Kutoka Kabalo treni inageuka inafuata mawio, na mwili unajua kwamba sasa mnakwenda kweli. Vilima vinaanza. Upepo unakuwa mwembamba. Yule mtu wa mawese alishuka Nyunzu, akamuaga Baba kwa kumwita "Bwana Mkubwa wa Bandari", na Baba akaonekana mnyonge ghafla, kama mtu aliyepewa mzigo wa mwingine.

Saa chache kabla ya kufika Mama alijipaka mafuta, akavaa kitenge chake cha sikukuu, akajifunga kilemba mara tatu mpaka kikakaa. Neema alimuuliza kama tunakwenda arusini.

"Tunakwenda kutembea," akasema Mama. "Muntu anatembea akiwa safi."

Alikuwa amejipamba kama mtu anayekwenda kusikilizwa kesi yake. Nilimhurumia, nasema kweli. Ana miaka sitini na kitu, na alikuwa anafunga na kufungua kilemba kwa ajili ya mwanamke asiyemjua.

KALEMIE, ASUBUHI

Tulilala kwa binamu wa Baba aliyehamia huko baada ya vita. Asubuhi Baba akavaa koti, akatangaza kwamba yeye mwenyewe atatuongoza, na kweli alituongoza. Tulipanda kilimani kuona nyumba za zamani za Wabelgiji, zenye varanda pana na mabati yaliyoota kutu, watu wamegawana humo vyumba na kuanika nguo zao mbele. Tuliona kanisa kubwa. Tuliona miembe ya barabarani iliyopandwa zamani sana, na mashimo ya risasi ukutani ambayo Baba alipita bila kuyaonyesha, ila Neema aliyaona akaingiza kidole.

Kisha tukashuka pwani, na Mama akasimama.

Mtu wa mto akiona ziwa mara ya kwanza ni kichekesho, mnisamehe. Alitafuta ng'ambo akaikosa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamwendea mvuvi aliyekuwa anatengeneza wavu.

"Baba, hii maji inakwenda upande gani?"

"Haiendi, Mama. Iko."

"Iko tu? Bila kazi?"

Mvuvi alicheka mpaka wavu ukamtoka mkononi. Lakini Baba akasogea, akamshika Mama kiwiko, akamwonyesha mahali ambapo mto Lukuga unatoka ziwani. Akamwambia kwamba maji haya yanatoka pale, yanaingia Lualaba, yanashuka Kongolo na Kibombo, mpaka yanapita mbele ya Alunguli.

Mama aliyatazama maji. "Basi maji ilijua njia," akasema. "Miaka mine yote ilikuwa inafika kwangu. Weye njo ulishindwa."

Baba aliachia kile kiwiko. Alitaka tukaone kituo cha zamani, halafu tukaone soko la vitambaa, halafu turudi kula. Hapo ndipo nilipoona kwamba mara tatu tulikuwa tumekaribia barabara moja inayoshuka lango la bandari, na mara tatu Baba ametugeuza. Na Mama aliona.

"Na ghala yako?" akauliza. "Tumetoka Kindu, hatuoni ghala?"

"Walibomoa."

"Na ghorofa yake?" akauliza Neema.

Mama alikuwa ameshashika njia.

LANGO LA BANDARI

Mbele ya lango kuna vibanda vya chakula vya wachukuzi, na moshi, na watu wengi wenye njaa. Nyuma yao unaona kreni za zamani na boti zimelala. Tulikuwa hatujapita vibanda vitatu, mchukuzi mmoja mwenye mvi akatua gunia lake chini.

"Baba Kitumbula!"

Baba alitazama mbele kama kiziwi.

"Eee! Baba Kitumbula amerudia!" Wengine wakageuka. Katika kibanda cha mwisho akatoka mwanamke mkubwa, mweusi wa kung'aa, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Alimtazama Baba, akapiga yowe, akaja mbio akamkumbatia, na koti likapata alama mbili nyeupe mgongoni, za viganja.

Nilimwona Mama akinyooka. Akarekebisha kilemba chake. Akatembea hatua zile tano polepole, na mimi nilishika mkono wa Neema nikimwomba Mungu Mama asitutie aibu mbele ya wachukuzi wote wa Kalemie.

"Mama," akasema Mama yangu, kwa heshima kabisa, "miye njo bibi yake wa Kindu."

Yule mwanamke alimwachia Baba. "Mama Zuena? Weye njo Mama Zuena wa chumvi?"

"Unanijua?"

"Nani hakujui hapa! Kila siku alikuwa anasema juu yako."

"Na weye," akasema Mama, "weye njo bibi yake wa huku?"

Yule mwanamke, jina lake Mama Furaha, alitutazama mmoja mmoja kuona kama tunatania. Kisha akacheka. Alicheka akashika nguzo ya kibanda, akacheka akajifuta macho kwa kiwiko, unga ukamwingia jichoni, akacheka huku analia.

"Huyu? Bwana yangu? Alikuwa mwanafunzi wangu, Mama! Aliniunguzia karai mbili ya mafuta mbele ajue!"

Ndipo tukaambiwa, na wachukuzi wakisaidia palipopungua. Kazi ya ghala ilikuwepo, ndiyo, mwezi mmoja tu, na ya kufagia. Kisha ghala likafungwa na Baba akabaki analala chini ya behewa, ana njaa, mguu umevimba. Mama Furaha alimpa kazi ya kuchota maji, halafu kukanda unga, halafu alipojifungua mtoto wake, alimwachia karai lote. Miaka mitatu na nusu Mzee Ramazani, mwenye koti, alikaa kwenye kigoda mbele ya lango la bandari amejifunga kitenge kiunoni, anakaanga vitumbula. Kila chumvi tuliyokula ilitoka kwenye karai lile.

Mama alifungua mkoba akatoa kifuko kimoja. Sikujua kama amekibeba. "Na hii?"

Baba alikuwa anatazama ziwa. "Ile kitenge ilikuwa yangu," akasema. "Ya kuzuia mafuta. Ilipozeeka nikaikata."

"Nani alishona?"

"Miye."

Nilikichukua kile kifuko mkononi. Mimi ni fundi, nashona kila siku ya Mungu, na watu huniambia mkono huu nimeurithi kwa Mama. Mama yangu hawezi kubandika kifungo. Miaka yote sikuwahi kujiuliza.

Mjue jambo moja, ninyi mnaojua desturi zetu. Kwetu mwanamume akiwa na mke wa pili ugenini watu watanong'ona wiki mbili, kisha watampa kiti kikubwa zaidi. Lakini mwanamume aliyekaa na karai kati ya wanawake, akitangaza vitumbula vya moto! Baba aliona afadhali tufikiri ana mwanamke. Alijua Mama anafikiri hivyo. Alimwacha afikiri miaka ishirini, na hilo lilinikasirisha pale pale, na bado linanikasirisha ninavyoandika.

Mama hakukasirika, au hasira ilikuwa imekosa mahali pa kukaa. Aliomba kigoda, akapewa, akaketi mbele ya karai. "Basi pika," akasema. "Nione."

"Mama Zuena, mbele ya mutoto..."

"Pika."

Baba alivua koti akampa Neema. Mama Furaha akamfunga kitenge kiunoni, na wachukuzi wakapiga makofi. Akainamisha sikio kwenye mafuta, akangoja, akachota unga kwa mkono wa kushoto, akakaza ngumi, na unga ukatoka kati ya kidole gumba na cha shahada, duara moja, duara la pili, la tatu, yote sawasawa, yanaanguka bila kurusha tone. Vitumbula vikageuka vyenyewe ndani ya mafuta. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona nyumbani. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Mama alipewa cha kwanza kwenye kipande cha karatasi. Akakipuliza, akala nusu, akatafuna sana. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alimwonyesha Baba kwa kidole, kitenge kile kiunoni, unga kwenye ndevu, akashindwa kusema, akacheka mpaka kilemba alichokifunga mara tatu kikamfunguka kikaanguka mabegani.

"Juu ya nini hukuniambia?" akauliza alipopata pumzi.

"Juu ya hii," akasema Baba akiwa ameinamia karai. "Nilijua utanicheka."

Mama alijifuta macho. Alikuwa hacheki tena.

"Ningekucheka, ndiyo," akasema. "Ile vita yote, Baba Zuena, sikupataka ata kitu kimoja cha kunichekesha."